Ngao ya Gitaa na Ethi ya Ukutani

Juzi alinijia karakanani kijana mmoja mpiga gitaa, akaniamkia kwa adabu, "Shikamoo mzee," nami nikamwitikia. Kisha akaweka mezani gitaa lake la umeme na amplifaya yake, na uso wake una furaha ya mtu aliyeshinda shindano. Alikuja kwa ajili ya swichi iliyolegea, lakini kabla ya kuitaja alitaka kwanza nimsifu kwa jambo jingine. Kwa muda wa miezi, alinieleza, gitaa lile lilivuma kama mzinga wa nyuki kila alipoliunga, hata watu wa nyumba ya pili wakalichoka. Sasa mvumo umekwisha, na dawa ameifanya mwenyewe, bila ya fundi wala gharama. Nikaichukua plagi ya amplifaya, nikaigeuza mwangani, nikaiona dawa yenyewe: pini mbili fupi zilikuwapo salama, na ile ya tatu, iliyo ndefu kuliko wenzake, ilikuwa imekatwa kwa msumeno wa chuma, kikabaki kisiki kinachong'aa. Nilipomwuliza anaifunguaje soketi, maana vifuniko vidogo vilivyomo ndani yake hufunguliwa na pini hiyo ndefu, akatoa mfukoni kalamu ya biki, akanionyesha jinsi anavyoichomeka katika tundu la juu.

Sikumkemea, kwa kuwa namfahamu anayeudhiwa na mvumo. Nami nimeudhiwa nao tangu ujana wangu. Lakini nitasema hapa nililomwambia, na nitalisema mapema ili msomaji ajue ninakoelekea. Kulitia gitaa ngao na kulitia ethi, yaani njia ya umeme kwenda ardhini, ambayo ndiyo kazi ya pini ile ndefu, ni mambo mawili, ijapokuwa aghalabu hufanywa kwa waya mmoja na kwa siku moja. Ngao ni kwa ajili ya masikio. Ethi ni kwa ajili ya roho. Kazi ya ethi huanzia ukutani, hupita katika amplifaya, na huishia katika gitaa, wala haiendi kinyume cha hapo; basi mtu anayelifungua gitaa lake akabandika shaba kila pembe, ilhali hajui kilichomo ndani ya soketi anayoitumia, amepaka rangi nyumba isiyo na msingi. Na kimya kinachopatikana kwa kuikata ethi ni mkopo ambao mdai wake hatangazi siku ya kuja.

Ili hoja hii isiwe neno la fundi tu, yafaa tuelewe kwanza gitaa la umeme ni kitu gani. Chini ya nyuzi zake za chuma hukaa kile ambacho wapigaji hukiita pikapu, jina lile lile la gari dogo la mizigo, nacho si kitu ila sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, kwa kawaida mizunguko elfu saba au nane. Uzi unapotikisika juu ya sumaku huutikisa uga wa usumaku, na uga ukitikisika huzaa ndani ya koili umeme mdogo mno. Umeme huo ndio wimbo wenyewe kabla haujakuzwa. Sasa koili iliyoumbwa makusudi kuhisi mtikisiko mdogo kabisa wa usumaku haina njia ya kuuliza mtikisiko huo umetoka kwa nani. Umeme wa majumba yetu hugeuka na kurudi mara 50 kila sekunde, na kila transfoma, iwe ya amplifaya au ya redio, hutoa uga unaotikisika kwa kadiri hiyo hiyo. Pikapu huupokea uga huo kama inavyoupokea uzi, na spika huutangaza. Huo ni mvumo wa kwanza, mvumo wa usumaku, nao ni mzito, laini na wa chini.

Mvumo wa pili una asili nyingine. Nyaya zilizopita ukutani, taa za mirija, chaja za simu na swichi za kupunguzia mwanga hutoa uga wa umeme, na uga huo hauhitaji koili ili upate mahali pa kutua: kipande chochote cha waya kisichofunikwa hutosha, na hata mwili wa mpigaji, ambao ni maji ya chumvi yaliyosimama wima, huupokea na kuupitisha kwa jirani yake, yaani gitaa aliloliegemeza tumboni. Mvumo huu ni mkali zaidi, una mkwaruzo kama wa panzi, nao ndio unaonyamaza au kupungua sana pale mpigaji anapoziweka nyuzi chini ya kiganja. Kuipambanua mivumo hii miwili hakuhitaji chombo chochote. Liunge gitaa, fungua sauti, ondoa mikono juu ya nyuzi, kisha ziguse: ukali ukipungua, una mvumo wa uga wa umeme. Halafu, bila ya kuachia nyuzi, zunguka taratibu juu ya kiti chako kama anayetafuta kibla: mvumo ukipanda na kushuka kwa jinsi unavyoelekea, huo ni wa usumaku. Magitaa mengi yana yote miwili, na kila mmoja una dawa yake. Ajabu ni kwamba watu wengi huununulia mmoja dawa ya mwenziwe.

Dawa ya uga wa umeme ndiyo ngao. Mwaka 1836, Michael Faraday, yule mwanachuoni wa Uingereza aliyeyachunguza mambo ya umeme na sumaku kuliko wengi wa zama zake, alikifunika chumba chote kwa karatasi ya madini, akaiacha mikondo mikali ya umeme icheze nje yake, na ndani hakuona dalili yoyote ya umeme. Tunapokifunika kwa ndani kishimo cha gitaa kilichobeba nyaya zake kwa karatasi ya shaba au kwa rangi ya grafiti, tunakijenga chumba cha Faraday kwa vipimo vidogo: uga wa umeme unaokuja kutoka taa na ukuta unatua juu ya shaba, shaba inaupeleka katika waya wa ethi, na nyaya za ndani zinabaki katika faragha yao. Lakini masharti ya chumba hicho ni mawili: kiwe kimefungwa pande zote kwa kadiri iwezekanavyo, na kiungwe na ethi ya gitaa. Shaba isiyoungwa haizuii. Yenyewe huwa antena pana zaidi kuliko waya uliotaka kuufunika.

Ama ethi, njia yake yapasa kufuatwa kwa kidole kama mtu anavyofuata mto kwenye ramani. Kutoka katika daraja la nyuzi, lile la chuma linaloshikilia nyuzi upande wa mkono wa kulia, hutoka waya mwembamba unaopita ndani ya ubao hadi katika migongo ya potensiomita. Kutoka hapo hadi jeki. Kutoka jeki, kupitia waya wa nje wa kebo, hadi bodi ya chuma ya amplifaya. Kutoka bodi, kupitia waya wa kijani na manjano, hadi pini ile ndefu. Kutoka pini, kupitia soketi na nyaya za nyumba, hadi fimbo ya shaba iliyozikwa ardhini. Msomaji ataona kwamba nyuzi anazozishika kwa vidole vyake na bodi ya amplifaya ni kitu kimoja mbele ya umeme. Basi lolote litakaloipata bodi, nyuzi zimelipata papo hapo.

Na litaipata nini? Waya wa moto unaweza kukatika ndani ya amplifaya ukalala juu ya bodi. Transfoma iliyozeeka inaweza kuvuja. Unyevunyevu na chumvi ya pwani vinaweza kujenga daraja mahali ambapo muundaji aliacha nafasi. Ikiwa ethi ipo na ni nzima, mkondo mkubwa hukimbilia ardhini, fyuzi inakatika, na mpigaji hajui ila kwamba sauti imezimika. Ikiwa ethi haipo, fyuzi haina habari, amplifaya inaendelea kuimba, na bodi pamoja na nyuzi zinakaa na volti 240 zikingojea mtu atakayeigusa ardhi kwa kiungo kingine. Mwanadamu husikia mtekenyo kwa mkondo wa miliampea 1 hivi. Ukifika 10 na kuzidi, misuli ya mkono hujikunja na mtu hawezi kuachia. Ukifika 50 au 100 ukapita kifuani, moyo hupoteza mwendo wake. Mikono iliyolowa jasho, na kwetu pwani ni mikono ipi isiyolowa jasho katikati ya wimbo, haimpi mwenyewe ukinzani unaozidi sana omu elfu moja au mbili. Chukua elfu mbili, gawanya volti 240, na utapata miliampea 120. Tena mpigaji gitaa ana msiba wake wa peke yake: mkono wake wa kushoto, ulio upande wa moyo, tayari umezizunguka nyuzi, hata misuli ikijikunja itamzidishia kushika.

Haya si mambo ya kutishia watoto. Tarehe 3 Mei 1972, katika mji wa Swansea huko Wales, Les Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows, aliushika mkrofoni uliokuwa hauna ethi ilhali gitaa li mikononi mwake, akafa mbele ya hadhira. Mei 1976 Keith Relf, aliyekuwa mwimbaji wa Yardbirds, alifia nyumbani mwake akiwa na miaka 33, akipiga gitaa lisilokuwa na ethi sawasawa. Mmoja alikuwa na jukwaa na mafundi, mwingine alikuwa na utulivu wa nyumba yake. Waya uliokosekana ulikuwa wa namna moja.

Dhana zinazopotosha

Dhana ya kwanza ndiyo ya yule kijana: kwamba ethi ndiyo inayoleta mvumo, kwa kuwa ilipokatwa mvumo uliondoka. Ushahidi wake ni wa kweli, ila hukumu yake ni ya uongo. Nilipomhoji nilijua kwamba amplifaya yake ilikuwa imeungwa kwa kebo na mikisa ndogo anayoitumia kupigia nyimbo za kufuatishia, na mikisa hiyo ilikuwa katika soketi ya ukuta wa pili. Basi vyombo viwili vilikuwa na njia mbili za kwenda ardhini, na kebo iliyoviunganisha ilifunga duara kubwa lililozunguka chumba kizima. Uga wa usumaku uliopita katikati ya duara hilo ulizaa mkondo ndani yake, na mkondo ukawa mvumo. Alipoikata pini, duara lilikatika. Lakini tangu siku hiyo amplifaya yake ilikuwa ikikopa ethi ya mikisa kupitia waya mwembamba wa kebo ya sauti, na kila alipoichomoa kebo hiyo akabaki na gitaa peke yake, hakuwa na ethi hata kidogo. Duara la namna hii hukatwa upande wa sauti, kamwe si upande wa umeme: viunge vyombo vyote katika ekstensheni moja yenye ethi, na ikiwa mvumo ungalipo, tia kati ya vyombo hivyo transfoma ndogo ya kutenganishia sauti, ambayo huupitisha wimbo na kuuzuia mkondo.

Dhana ya pili ni kwamba shaba ikitosha, mvumo wote utakwisha. Wengi hubandika, hufunga gitaa, huliunga, kisha husononeka kwa sababu ule mvumo mzito umebaki kama ulivyokuwa. Uga wa usumaku wa mizunguko 50 kwa sekunde haujali karatasi: ili shaba iupunguze kwa kiasi cha kutajika yapasa iwe na unene wa milimita 9 hivi, ilhali ile tunayobandika haifiki hata sehemu ya kumi ya milimita moja. Dawa ya usumaku ni koili mbili zilizozungushwa kinyume, kila moja ikifuta mvumo wa mwenziwe huku wimbo ukijumlishwa, hekima ambayo Seth Lover wa kampuni ya Gibson aliiombea hataza mwaka 1955. Wenye magitaa ya pikapu tatu za koili moja wanaweza kupata nafuu hiyo bila ya kununua kitu, maadamu pikapu yao ya katikati imezungushwa kinyume, kama yalivyo mengi ya siku hizi: waiweke swichi katika nafasi ya pili au ya nne, ambapo pikapu mbili hufanya kazi pamoja.

Dhana ya tatu ni ya wale waliokwisha kuogopa, wakaamua kuukata waya unaokwenda katika daraja, ili nyuzi zisiwe na uhusiano na amplifaya. Sitawacheka, maana hoja yao ina kiini cha kweli: nyuzi zilizotengwa haziwezi kuleta umeme wa bodi. Walakini vifundo vya chuma, bamba la jeki na kichwa cha kebo vingali vimeungwa na bodi ile ile, na vidole vinavigusa kila mara; tena mvumo hurudi kwa nguvu, kwa kuwa mwili wa mpigaji haupati tena pa kuutua uga aliouokota. Wengine huchagua njia ya kati, wakatia kapasita ya maikrofaradi 0.33 kati ya daraja na ethi, wakaamini kwamba wamepata kimya na salama kwa pamoja. Tupige hesabu: kapasita hiyo, kwa mizunguko 50, ina ukinzani wa omu elfu tisa na mia sita hivi, na volti 240 zikipita humo hutoa miliampea 25. Ni pungufu kuliko 120, nami sikatai. Lakini bado ni mkondo wa kumnasa mtu asiachie. Kapasita hiyo ni mto wa kuangukia, si ukuta wa kuzuia kuanguka, na hesabu yake huwa nzuri zaidi katika nchi zenye volti 120 kuliko kwetu.

Ya nne ni imani juu ya fyuzi na kandambili. Fyuzi ya plagi, ya ampea 13, imewekwa kuulinda waya usiunguze nyumba; mkondo unaotosha kumwua mtu ni mdogo kuliko huo mara mia kadhaa, hata fyuzi isiuone ukipita. Na kandambili za mpira humtenga mtu na sakafu kweli, lakini hazimtengi na mkrofoni alioukaribisha midomoni, wala na rafu ya chuma aliyoiegemea, wala na gitaa la mwenzake lililoungwa na amplifaya nyingine.

Ya tano haiui mtu, ila hupoteza siku za watu: kwamba ndani ya gitaa kila waya wa ethi lazima ukutane na wenzake katika nukta moja kama ncha za nyota, ama sivyo patakuwa na duara la mvumo. Duara la ukuta hadi ukuta ni kubwa kama chumba. Duara la ndani ya kishimo cha gitaa halizidi kiganja, na halina volti ya ukutani ya kulisukuma. Unga vizuri, unga imara, na usikoseshwe usingizi na nyota.

Kazi yenyewe

Sasa nieleze utaratibu ninaoufuata mwenyewe, na nimwombe msomaji asiuruke mwanzo kwa pupa ya kufika kwenye shaba. Kwanza ni ukuta. Kipimo cha volti katika soketi nzima huonyesha 230 au 240 kati ya waya wa moto na nyutro, idadi karibu hiyo hiyo kati ya waya wa moto na ethi, na volti chache tu kati ya nyutro na ethi. Kati ya moto na ethi kukionekana idadi inayoyumba, mathalani mia moja na kitu, ethi hiyo ni jina lisilo na mtu. Lakini kupima ukuta ni kazi ya aliyefundishwa; asiyefundishwa amwite fundi mwenye leseni, na amwombe mambo mawili zaidi. La kwanza, aipime fimbo ya ardhini, kwani katika mchanga mkavu na mawe ya matumbawe fimbo moja aghalabu haitoshi: ikiwa ina omu 24, hitilafu ya volti 240 itapitisha ampea 10 tu, na fyuzi ya 13 itatulia kama haikuambiwa kitu. La pili, kwa sababu hiyo hiyo, afunge ile swichi ya uvujaji ambayo mafundi huiita RCD, inayokata umeme mara tu miliampea 30 zinapopotea njia. Swichi hiyo ni matumizi bora ya fedha kuliko shaba yote ya dunia, na kitufe chake cha majaribio kibonyezwe mara kwa mara, si kiachwe kama pambo. Nyumba ikiwa haina ethi kabisa, basi mpigaji atumie kifaa kinachokwenda kwa betri mpaka itiwe. Hapo hapana fatwa nyingine.

Pili ni amplifaya, nayo hupimwa ikiwa imechomolewa. Weka kipimo katika omu, ncha moja kwenye pini ndefu na nyingine kwenye chuma kisichopakwa rangi cha bodi: jibu liwe karibu na sifuri. Katika jeki ya kuingizia gitaa baadhi ya amplifaya huonyesha omu kumi hivi, kwa makusudi ya muundaji aliyetaka kupunguza duara la mvumo, na hilo si kosa. Lakini bodi yenyewe haina udhuru. Amplifaya za Marekani za miaka ya 1950 na 1960 zenye plagi ya pini mbili zina kapasita iliyounga waya wa ukutani na bodi, ambayo mafundi wa huko waliipa jina la kapasita ya mauti; iondolewe, na waya wa ethi utiwe, kwa mkono wa fundi. Mwenye gitaa asiifungue amplifaya mwenyewe, hasa ya valvu, maana kapasita zake hubaki na mamia ya volti hata baada ya plagi kuchomolewa. Vifaa vidogo vyenye alama ya mraba ndani ya mraba vimetengenezwa kwa insulesheni ya tabaka mbili, na kukosa pini ya ethi kwao si upungufu.

Tatu, na sasa kwa raha, ni gitaa. Legeza nyuzi, fungua bamba, na kabla ya kukata waya wowote piga picha ya ulivyokuta, kwa kuwa kumbukumbu ya saa nane mchana si ile ya saa tatu usiku. Safisha kishimo, kisha kibandike karatasi ya shaba yenye gundi, sakafu kwanza na kuta baadaye, kila kipande kikipanda juu ya mwenzake kwa upana wa nusu ya kidole, na ukingo wa juu ukunjwe hadi juu ya ubao ili ukutane na shaba utakayobandika mgongoni mwa bamba. Mahali pa kukutana hapo ndipo chumba cha Faraday kinapofunga mlango wake. Gundi ya karatasi nyingine haipitishi umeme, kwa hiyo tia tone la lehemu katika kila maungio, kisha pima: kati ya pembe yoyote na nyingine isizidi omu moja. Karatasi ya alumini ya jikoni hufanya kazi ya ngao, lakini haikubali lehemu ya kawaida, na maungio yake hulegea kwa wakati. Rangi ya grafiti ni nzuri kwa vishimo vyenye pembe ngumu, ila hutaka tabaka mbili au tatu na subira ya kukauka.

Kutoka katika shaba chukua waya mmoja hadi mgongoni mwa potensiomita ya sauti, na hapo kwanza kwangua kwa msasa mpaka chuma king'ae, ndipo pasi ya kulehemu iguse: lehemu inayokaa juu ya uchafu ni kama nta juu ya maji, itaonekana imeshika na haijashika. Pasi ya wati 40 hutosha, nayo iguse kwa sekunde chache, kwa kuwa moto mrefu huharibu kisahani kilichomo ndani. Waya wa daraja uukague hasa, maana mara nyingi haukulehemiwa, bali umebanwa tu chini ya chuma, na kutu ya pwani hujipenyeza baina yao. Jibu la kipimo kati ya nyuzi na mwili wa jeki lisizidi omu moja. Mwisho, kagua ulimi wa jeki, ule unaobeba wimbo: unapoingiza kebo hujikunja kuelekea ukuta wa kishimo, na ukigusa shaba mpya gitaa litanyamaza kimya kisichotakiwa. Kipande cha utepe wa insulesheni mahali hapo huokoa saa nzima ya kulaani.

Yule kijana alikaa nami mpaka alasiri. Swichi niliikaza, plagi nikamtilia mpya yenye pini tatu, na tulipoiunga mvumo ukarudi kama mgeni aliyesahau kofia. Akanitazama bila ya kusema, nami nikanyosha mkono, nikaleta plagi ya mikisa katika ekstensheni moja na ya amplifaya, sehemu kubwa ya mvumo ikaondoka. Tukabandika shaba pamoja, yeye akikata kwa mkasi nami nikilehemu, na mkwaruzo wa panzi ukaondoka. Ukabaki ule mzito wa chini, wa transfoma iliyo nyuma ya meza yangu, nao haukuwa na dawa kwa siku ile. Basi nikamwambia azunguke taratibu juu ya kiti. Alipofika ubavu kwa meza, uso kwa mlango, mvumo ulishuka mpaka tukausikia upepo wa nje. Akabaki amekaa vivyo hivyo, amenipa mgongo kinyume cha adabu, akapiga. Kalamu ya biki ameisahau mezani kwangu, naandikia safu hii.